Nataka gari lenye mzuka, ila mfukoni nina milioni kumi

Shikamoo kaka,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa mjini, nina miaka 31, mke na mtoto wa miaka miwili. Tangu niajiriwe nimekuwa mtu wa daladala na basi. Juzi SACCOS yetu imenipitishia mkopo, nikaongeza na zamu yangu ya mchezo, sasa nina milioni kumi kamili za gari. Baada ya hapo hakuna hela nyingine inayokuja, ni mshahara tu, nao una makato.

Wazazi wangu wako Morogoro. Mama anahudhuria kliniki ya sukari, na mimi ndiye kijana mkubwa, kwa hiyo nashuka mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine za kazi gari litatoka nyumbani hadi shuleni na kurudi, si mbali.

Sasa kaka, jambo ambalo naona aibu kulisema mbele ya watu wazima ni kwamba napenda kuendesha. Nilijifunzia kwenye pikapu ya mjomba ya gia za mkono, na kila nikipita mlima wa Kitonga kwenye basi natamani usukani uwe kwangu. Sitaki gari la mbio wala la kushindana na mtu. Nataka tu gari ambalo nikikaa ndani nijisikie naendesha, siyo nasafirishwa.

Nimepata magari matatu. La kwanza ni Toyota Altezza ya fedha, otomatiki, silinda sita, namba C, iko Dar kwa dalali. Anataka milioni saba na nusu, maongezi yapo. Ameandika "njoo na fundi wako, injini haijawahi kushushwa". Rimu zake ni za inchi 17 na imeshushwa chini kidogo. Kaka, ni nzuri, nisikudanganye. La pili ni IST namba D hapa hapa Iringa, milioni kumi na nusu, mwenye nayo anasema mwisho kumi. La tatu ni Vitz RS ya gia za mkono, namba D, ya mhadhiri mmoja Morogoro, anataka milioni nane na laki mbili. Imekaa sokoni muda mrefu, watu wakisikia gia za mkono wanakata simu.

Mke wangu anataka IST, kwa sababu hajui gia za mkono na anasema hata tukikwama tutaiuza siku hiyo hiyo. Mjomba anasema niachane na yote nitafute Carina TI, "spea ziko mpaka dukani kwa mangi". Mwalimu mwenzangu anasema ninunue Japani moja kwa moja, nitapata safi kwa bei ndogo. Mimi moyo uko kwenye Altezza, akili sijui iko wapi.

Naomba ushauri wako. Na je, mtu wa mshahara kama mimi kutaka gari la raha ni utoto?

Mwalimu wa Kitonga, Iringa

*

Marahaba mwalimu, na mpe pole mama.

Nianze na jibu, maana najua utaruka aya zote mpaka ulione. Ningekuwa mimi, ningekwenda Morogoro kuitazama ile Vitz RS kabla ya kutuma hata shilingi ya nauli ya dalali wa Dar. Sijasema uinunue, nimesema uitazame. Namna ya kuitazama nitakueleza, na hapo ndipo nitakapokaa kwa kirefu.

Kabla ya magari, tuongee hela. Wewe huna milioni kumi ya gari. Una kama milioni nane ya gari, na mbili za kulipokea. Watu wengi huliuza gari pale wanapoona bili kubwa inakuja: matairi yamekwisha, klachi imeanza kulegea, shokapu zinavuja, betri inahitaji kusukumwa asubuhi. Ukilinunua, bili hiyo umeinunua pia. Weka na gharama za kuhamisha umiliki TRA, bima, oili, filta, plagi, maji ya breki na ya rejeta. Matairi manne mapya ya gari dogo peke yake yanaweza kula laki sita, saba, hata nane kutegemea aina. Anayetoa kumi yote siku ya kununua ndiye utakayemkuta wiki ya tatu anakopa kwa wenzake ofisini. Kwa hiyo IST ya "mwisho kumi" kwa mfuko wako ni gari la milioni kumi na mbili.

Sasa Altezza. Nakuelewa kabisa, ni gari zuri kulitazama na zuri kulikalia. Ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na ile dashibodi yake yenye saa ndogo ndani ya saa kubwa bado inawashinda wengi hadi leo. Lakini kuna Altezza mbili, na dalali hakwambii. Kuna ya silinda nne, SXE10, yenye injini ya 3S-GE ambayo Toyota waliitengeneza na Yamaha. Hiyo ndiyo iliyolipa gari hili jina. Na kuna ya silinda sita, GXE10, yenye injini ya 1G-FE, ambayo kimsingi ni ile ile iliyopo kwenye Mark II nyingi za GX110. Hiyo ya kwako ndiyo ya pili, tena otomatiki. Injini tulivu, ya heshima, inayodumu ikitunzwa, lakini mzuka unaoufikiria wewe hauko humo. Utakuwa umenunua sura ya Altezza na mwendo wa Mark II ya mzee mstaafu.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wa chini ya gari wanalijua sana. Altezza ina mikono miwili, wa juu na wa chini, kwenye kila gurudumu, mbele na nyuma. Ndiyo maana inashika kona vizuri. Ndiyo maana pia ina bushi na bolijointi kibao, na zikichakaa hazichakai moja moja. Ongeza kwamba "imeshushwa chini kidogo". Muulize dalali imeshushwa na nini. Kama ni springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, sawa. Lakini mara nyingi springi zimekatwa kwa grainda gerejini, na gari la springi za kukata linakula shokapu, linagonga chini kwenye kila tuta, na matuta ya vijijini kati ya Iringa na Morogoro unayajua kuliko mimi. Altezza nyingi zilizobaki mitaani zimepita mikononi mwa vijana watatu wanne, kila mmoja akiongeza chake na hakuna aliyepunguza.

Halafu mafuta. Wewe ni mwalimu, tupige hesabu. Iringa hadi Morogoro ni kilomita mia tatu na kitu, tuseme kwenda na kurudi 620. Altezza ya silinda sita otomatiki, kwenye njia ya milima, ikikupa kilomita 10 kwa lita shukuru. Hiyo ni lita 62. Vitz ya 1.5 ya gia za mkono kwa mwendo wa kistaarabu inakupa kama 15, yaani lita 41 na kitu. Weka lita shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, EWURA, wanaotangaza bei za mafuta, watakurekebisha Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tofauti ni shilingi 62,000 kwa safari moja. Safari mbili kwa mwezi, miezi kumi na miwili, ni karibu milioni moja na nusu kwa mwaka. Na hapo bado hujafikia mkanda wa taimingi, ambao 1G-FE inao na hubadilishwa kila baada ya kilomita laki moja hivi, na ambao hakuna dalali anayejua mara ya mwisho ulibadilishwa lini.

Kwa hiyo Altezza hapana. Ungeniambia unaishi mjini, huna mtoto, na una gari jingine la kazi, tungeongea vingine.

Nirudi kwenye neno lako, kwamba unataka ujisikie unaendesha. Raha hiyo haitokani na silinda wala farasi wengi. Inatokana na wepesi wa gari na klachi iliyo chini ya mguu wako. Vitz RS ya toleo la pili, lililoanza 2005, ina uzito wa tani moja na kidogo, na injini ya 1NZ-FE ya 1.5 yenye nguvu za farasi kama 110. Kwenye karatasi si kitu. Lakini panda nayo Kitonga ukiwa gia ya tatu, ushuke ya pili kabla ya kona kali, uachie klachi taratibu, uisikie ikivuta kutoka chini, halafu uniambie kama unakumbuka rimu za inchi 17. Na kushuka ndiyo zaidi. Unaweka gia ya pili, injini inalishikilia gari, breki unazigusa tu, wakati wenzako wa otomatiki wasiojua kutumia gia ya L, ile ya mwendo mdogo, wamekanyaga breki kutoka juu hadi chini na gurudumu zinatoa harufu. Raha hiyo unaipata kwa kilomita 40 kwa saa, nyuma ya lori, bila kuovateki mtu kwenye kona. Kitonga si mahali pa kuovateki, na Mikumi hifadhini fuata mwendo wa kwenye vibao, humo faini ya kugonga mnyama itakula akiba yako yote ya matairi.

Uzuri mwingine wa 1NZ-FE ni kwamba huhitaji kumtafuta fundi bingwa. Injini hiyo hiyo iko kwenye IST ya 1.5, Runx ya 1.5, Spacio, Raum, Probox. Ukikwama Ruaha Mbuyuni saa mbili usiku, fundi utakayemwamsha ameshaifungua mara nyingi, na kwenye duka la spea la karibu hakosi filta wala plagi zake. Tena inatumia cheni ya taimingi, siyo mkanda. Kwa chini Vitz ni gari rahisi, shokapu na springi mbele, bimu moja nyuma. Bushi zake ni chache na bei yake haikutoi machozi.

Na hiyo sababu ya watu kukata simu ndiyo faida yako. Gari dogo la gia za mkono kwa soko letu ni zito kuuza, mhadhiri anajua, na wewe unajua. Anataka nane na laki mbili, anza na saba. Ukilipata kwa saba na nusu umefanya vizuri. Ila siku utakapotaka kuliuza wewe, shida hiyo itakuwa yako, usije ukanilaumu.

Sasa namna ya kuitazama. Mpigie mhadhiri jioni, mwambie utafika asubuhi na unaomba asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukisikie, au ametoka sokoni tu, lakini wewe subiri ipoe, hata ikichukua muda wa saa tatu. Injini ikiwa na joto inaficha mengi.

Fungua boneti utafute kile kibati cha Toyota chenye namba ya chesisi na aina ya gari. Kwa toleo hili la pili, namba ya chesisi lazima ianze na NCP91. Ukikuta SCP90 hiyo ni Vitz ya 1.3, ukikuta KSP90 hiyo ni ya 1.0 ya silinda tatu, na maandishi ya RS kule nyuma yamebandikwa na mtu aliyeyanunua dukani kwa bei ya chapati chache. Ukiona hivyo agana naye kwa heshima, mbio zako zimeishia hapo. Namba ya chesisi iwe ile ile iliyoandikwa kwenye kadi, herufi kwa herufi.

Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi. Unataka kuona maji ya rangi, mekundu, ya kijani au ya pinki, siyo maji ya bomba yenye kutu. Chomoa kijiti cha oili, ukione kiwango na rangi. Kisha ingia ndani, washa swichi bila kupiga stata. Taa zote za dashibodi lazima ziwake, pamoja na cheki injini na ile ya eabegi. Ambayo haiwaki hapo haijapona, imechomolewa. Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuondoa tatizo la injini, na madalali wanaipenda. Piga stata, zizime zote. Mtu mwingine asimame nyuma ya bomba la moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usioisha hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia kusikotakiwa. Mvuke kidogo wa asubuhi ya baridi usikutishe.

Angalia na taa ndogo ya bluu. Vitz za toleo hili nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu inayosema injini bado baridi, na nyekundu inayosema imechemka. Ya bluu izime ndani ya dakika chache za kuendesha. Ikigoma kuzima, kuna fundi alitoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Ugonjwa huu umeenea nchi nzima: gari linachemka, fundi anatoa themostati, tajiri anaona limepona. Injini inabaki inafanya kazi ikiwa baridi, inakunywa mafuta, inachakaa kabla ya wakati, na kilicholichemsha mwanzoni bado kiko pale pale kinasubiri Kitonga.

Barabarani, na Morogoro hukosi mlima, tafuta mwinuko wowote wa kuelekea Uluguru. Weka gia ya tatu kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote. Injini ikipanda resi na gari halisogei sawasawa, klachi imekwisha. Hilo si sababu ya kuliacha, ni sababu ya kupunguza bei, na omba bei ya seti ya klachi dukani kabla ya maongezi ili uongee kwa namba. Kinachoniogopesha zaidi ni giaboksi. Ukitoka gia ya tatu kwenda ya pili ikakwaruza, kila mara, hata ukienda polepole, hapo kaa chini ufikiri mara mbili. Na gia ikiruka yenyewe ukiachia mafuta, ondoka.

Nyanyua zulia la buti na tairi la akiba, upapase chuma kwa vidole. Chuma cha kiwandani ni laini na mistari yake imenyooka. Kilichonyooshwa kwa nyundo kina mawimbi na welding ya mkono. Angalia bolti zinazoshika mafenda ya mbele, zikiwa zimekwanguka rangi zimewahi kufunguliwa, uliza kwa nini. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, haijalishi tairi lina kashata kiasi gani.

Mambo ya kilomita usiyaamini sana. Tazama raba ya pedali ya klachi na ngozi ya usukani, halafu linganisha na namba unayoonyeshwa. Na namba D kwenye kibao inakwambia gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani, haikwambii lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi.

Kwenye karatasi nitakuwa mkali kidogo. Kadi halisi, jina la kadi ni la huyo unayeongea naye, kitambulisho cha NIDA kinafanana. Kama mhadhiri naye alinunua akaishia kwenye mkataba wa mauziano bila kuhamisha, mwambie ahamishe kwanza ndipo muendelee, kwa sababu mwenye jina la kwanza anaweza kuwa amehama, amefariki, au amekumbuka kwamba kuna mtu anamdai. Ulizia kama kadi haijawekwa rehani kwenye taasisi ya mikopo. Angalia faini za trafiki na deni la maegesho la TARURA kwa namba ya gari, ni kazi ya dakika chache na simu. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, hela zipite benki.

Sasa shemeji. Hoja yake ni nzito kuliko unavyoisimulia. Yeye hakusema IST ni nzuri, alisema hajui gia za mkono, na gari la nyumba ambalo mtu mmoja hawezi kulitoa nje usiku mtoto akipandisha homa, lina upungufu. Kabla hujakwenda Morogoro, kaa naye umuulize kama yuko tayari kujifunza, na kujifunza siyo na wewe, kwa mwalimu wa udereva, ndoa yako nitailinda hapo. Kama anakubali, Vitz. Kama hataki, na ana haki ya kutotaka, basi acha Vitz bila kinyongo utafute Corolla Runx ya 1.5 otomatiki, NZE121, injini ile ile ya 1NZ. Bei zake zinakaribiana na mfuko wako, ina nafasi nyuma kwa kiti cha mtoto, na inashika barabara kuliko IST, ambayo imesimama juu juu. Mzuka utapungua, lakini hutakosa kabisa.

Kuhusu IST yenyewe, shemeji hajakosea kwamba inauzika. Ndiyo bei yake haishuki na ndiyo wezi wa vioo vya pembeni wanaijua kwa jina. Ukilazimika kuichukua, soma kibati. NCP60 ni ya 1.3, NCP61 ni ya 1.5, na wenye za 1.3 huwa wanasahau kusema. Kwa Kitonga na familia ndani, unataka ya 1.5.

Mjomba mwambie asante. Carina TI ilikoma kutengenezwa 2001, nzima kabisa ukiipata ni gari la maana, lakini raba, mipira ya maji na nyaya za robo karne hazijali spea ziko kwa mangi au wapi. Utabadilisha kimoja kila mwezi.

Na mwalimu mwenzako wa Japani hajafanya hesabu hadi mwisho. Bei ya kule ni nusu ya habari. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT ya 18, na gari likizidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu. Tena TRA hawafuati risiti yako, wana thamani yao kwenye kikokotoo chao, na kiko wazi mtandaoni. Ingiza Vitz yoyote humo, uone jumla, kisha uongeze usafiri na bandari. Milioni kumi haifiki nyumbani.

Utoto? Mwalimu, mtu anayepanda na kushuka Kitonga mara mbili kwa mwezi kumpeleka mama yake kliniki, akitaka usukani umfurahishe, sioni anayemkosea. Utoto ungekuwa kuchukua ile ya fedha.

Ukimpigia mhadhiri, swali la kwanza lisiwe bei. Muulize klachi ilibadilishwa lini na kama ana risiti ya fundi. Mwenye gari la gia za mkono anayejua jibu la swali hilo bila kubabaika ameliendesha akilisikiliza, na huyo nauli ya kumfuata Morogoro hutaijutia.